Hina ya Bi Harusi na Nambari Niliyoidharau

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo hujikuta nimenyamaza katikati ya mazungumzo. Ilikuwa asubuhi ya Jumatatu, wodi ya wanawake, hapa hapa kisiwani Mombasa. Nilikuwa na miaka mitatu katika kazi hii ya uuguzi unayoianza wewe sasa, kofia imekaa sawa, kalamu mbili mfukoni, na kichwa kimevimba kuliko hiyo kofia. Nakuambia mapema kwamba kisa hiki kilimalizika kwa heri, ili usinisikilize roho ikiwa juu. Mimi mwenyewe nimekaa na roho juu kwa ajili yake siku za kutosha, zinatutosha sote wawili.

Kwanza ujue nilikotoka, maana kosa langu lilitoka huko huko. Mimi ni mtoto wa Kuze. Mamangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa hina, wala si fundi wa kubahatisha. Bi harusi wa Kuze au wa Kibokoni aliyepakwa na mtu mwingine alikuwa na maelezo ya kuwapa mashangazi zake. Nimekulia kwenye harufu ya ndimu na hina mbichi, na kabla sijajua kusoma nilijua kuchekecha unga wake kwa mtandio mwepesi. Nilijua hina nyekundu hukaa kwenye kucha muda gani, na piko, ile nyeusi ya kuchorea maua, huanza kupauka lini. Basi nilipoanza kazi nikakuta wauguzi wenzangu wengi ni watu wa bara, hina wanaiona tu mikononi mwa wagonjwa. Nikajifanya mufti. Kila swali la hina liliishia kwangu, na sikumbuki hata mara moja kwamba nilijibu sijui.

Wakati ule wodi nzima tulikuwa na mashine moja ya kupima oksijeni, ile inayobana kidole. Wewe unaijua: inapitisha mwanga kwenye ncha ya kidole, halafu inakupa nambari ya kukuonyesha damu imebeba oksijeni kiasi gani. Leo mnazo za kutia mfukoni, sisi moja tulikuwa tukiifungia kabatini. Na kwa kuwa wagonjwa wetu wengi walikuja wamepakwa, kulikuwa na msemo wa wodini kwamba mashine ikikupa nambari mbaya kwenye kidole cha hina, usihangaike, ni hina hiyo. Aliyeanza kusema hayo hatukumjua. Mgeni aliyasikia kwa mwenyeji, naye akamwambia mgeni mwenzake. Mimi nilipofika, mtoto wa fundi, niliyapiga muhuri.

Asubuhi hiyo aliletwa msichana anaitwa Salha. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka fungate, siku ya nane tangu harusi, amekuja na mamake, Bi Rahma, kwa homa na kikohozi. Nilipomshika mkono nikatabasamu, kwa sababu nilitambua kazi ya mamangu. Kulikuwa na ua la mlangilangi ambalo yeye peke yake alikuwa akilimalizia juu ya kidole cha shahada. Ncha za vidole zote kumi zilikuwa zimezama kwenye hina, na juu ya kucha piko ilikuwa imepita.

Nikabana kidole. Mashine ikasema themanini na tatu. Mtu mwenye afya, kama ujuavyo, huwa tisini na tano kwenda juu. Nikahamia kidole cha pili, themanini na nne. Cha tatu, themanini na tatu tena. Vidole vitatu vya mkono mmoja vilikuwa vikiniambia neno moja, nami nikavikanusha vyote.

"Mashine hii haipatani na hina ya mamangu," nikamwambia Bi Rahma, nikicheka. Naye akacheka, mabega yakamshuka, akakaa kitini. Nikachukua faili nikaandika kwamba kipimo cha oksijeni si sahihi kwa sababu ya hina, nikatia sahihi. Penye pumzi nikaandika ishirini. Ishirini hiyo nayo nikuungamie: sikuihesabu. Ni ile nambari ambayo muuguzi mvivu huiandika akiwa hajatazama kifua wala saa, na kama hujawahi kuiandika, basi Mungu akuzidishie.

Daktari alipopita alisoma nilichoandika, akaniamini, akaagiza dawa za sindano na kuendelea na wagonjwa wengine. Nami nikaendelea na shughuli zangu. Mara mbili nilipita karibu na kitanda kile na nikamwona Salha amefumba macho, nikasema moyoni, amelala, ni uchovu wa harusi.

Karibu na adhuhuri Bi Rahma akanijia mbio pale mezani kuniita. "Sista, ndoo umtazame mwanangu. Anena mambo siyo. Aniita mimi kwa jina la nyanyake!"

Nilimkuta Salha akivuta shuka, anataka kushuka kitandani, anasema wageni wamefika na chungu hakijabandikwa. Midomo yake imebadilika rangi. Nami, mwanangu, hata hapo bado nilikuwa na jibu. Nikamwambia Bi Rahma kwamba ni homa, itashuka, dawa imeshaingia.

Mungu alipenda Sista Wakesho awe amerudi wakati huo kutoka mkutanoni. Huyu ndiye aliyekuwa msimamizi wetu wa wodi, Mtaita, mfupi, mpole wa sauti, saa yake ameipachika kifuani. Alisimama miguuni mwa kitanda akatazama kifua cha Salha, macho yakienda kwenye saa na kurudi, kwa dakika nzima. Sijawahi kuona dakika ndefu vile.

"Arobaini," akasema. Pumzi arobaini, ambapo mimi niliandika ishirini. "Mashine inasemaje?"

"Haisomi vizuri, Sista. Ni hina."

Akavuta droo, akatoa kibanio kidogo cha sikio ambacho sisi hatukuwahi kujisumbua kukitumia, akakifunga kwenye mashine, akakibana kwenye ndewe ya Salha. Tukangoja. Themanini na moja. Sista Wakesho akanigeukia, na wala hakupandisha sauti.

"Na sikio nalo limepakwa hina?"

Yaliyofuata niliyafanya kama mtu anayetumwa. Tulimkalisha Salha wima, mtungi wa oksijeni ukavutwa, daktari akaitwa arudi upesi. Ilikuwa ni nimonia, na ilikuwa imeshamshika mapafu pande zote mbili. Nikapewa kazi ya kumshikilia barakoa usoni, maana alikuwa akiivua. Nikamshikilia huku nimekodoa macho kwenye ile nambari niliyoicheka asubuhi, namwomba Mungu aipandishe. Themanini na tano. Ikasita hapo. Themanini na saba. Ikarudi themanini na sita. Halafu tisini. Halafu tisini na mbili, na ikakaa.

Alasiri Salha alifumbua macho vizuri, akamtazama Bi Rahma, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Mama, mbona walia?" Alimwita mama. Sikungoja zaidi. Niliingia kwenye chumba cha shuka, nikafunga mlango, nikalia mpaka kwikwi zikanishika. Kilikuwa kilio cha kushukuru, na aibu imechanganyika ndani yake. Mpaka leo sijui kulia vingine nikiona mgonjwa amerudi.

Jioni kabla ya kutoka, Sista Wakesho akaniita kwenye kiofisi chake. Nilijua naandikiwa barua ya onyo. Akaniuliza tu, "Nani alikwambia ni hina?"

"Ndivyo tunavyosema, Sista."

"Tunaosema ni kina nani?"

Nikamweleza habari za mamangu, za Kuze, za kuchekecha unga tangu utotoni. Moyoni, nikwambie ukweli, nilikuwa naona ajabu mtu wa Taita anihoji mimi habari za hina. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Mamako anajua hina inavyoshika kwenye mkono," akasema. "Sijasikia kwamba amewahi kupima damu iliyo chini yake. Sasa nataka uniletee jibu. Hina inabadilisha kipimo kile au haibadilishi? Na ukija uniambie ni nani aliyepima, amepima vipi, na amepima mikono ya nani. Ya wodini yaache wodini." Nilipoinuka akaongeza, "Na mama yule utamwambia wewe mwenyewe kilichotokea. Si mimi."

Kesho yake nilikuwa na mapumziko. Mtaani kwetu kulikuwa na Bwana Huseini, Mhindi wa Kibohora, muuzaji wa madaftari na kalamu, na nyuma ya duka alikuwa na kompyuta tatu za mtandao. Nikakaa, nikaandika "hina". Zikaniletea picha za mikono ya maharusi wa dunia nzima. Bwana Huseini akachungulia.

"Sista, waolewa tena? Na mara ya kwanza hukutualika!"

Ilinichukua muda kuelewa kwamba kompyuta haikuwa na kosa, swali langu ndilo lililokuwa halina miguu. Nikaliandika upya: mtu aliyepakwa hina kwenye kucha, akipimwa oksijeni kwa kidole, je, nambari hutofautiana na ya kidole kisichopakwa? Hapo ndipo yalipoanza kuja maandishi ya watu waliolichunguza jambo lile. Na hapo ndipo nilipokosea mara ya pili, maana la kwanza nililolifungua lilisema hina nyeusi inaweza kuvuruga kipimo. Niliruka kitini. Kumbe nilikuwa sahihi! Nikachapisha ule muhtasari wa ukurasa mmoja, nikatoka dukani nikitembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Sista Wakesho aliusoma, akanirudishia. "Umeacha kutafuta pale ulipopata unachokitaka," akasema. "Na huu ni muhtasari. Waraka wenyewe uko wapi?"

Akanituma kwenye maktaba ya chuo cha wauguzi. Mkutubi wa pale, mzee mmoja mwenye subira ya ajabu, alinisaidia kupata karatasi zenyewe, si moja, na akanifundisha kuzisoma. Usianzie mwisho, aliniambia, anzia pale wanaposema walimpima nani. Nikakaa nazo siku mbili, kamusi pembeni, nikitoka jasho. Nilichokikuta hakikuwa ushindi wangu wala ushinde wangu mzima. Hina nyekundu haikubadilisha kipimo kwa kiasi cha kutisha. Nyeusi ndiyo iliyoweza kuizuia mashine isisome sawasawa. Lakini waliopimwa walikuwa watu wachache wenye afya zao, wamekaa vitini wametulia. Hakuna aliyempima mwali mwenye homa anayehema. Na katika kurasa zote zile hapakuwa na mstari mmoja uliosema kwamba nambari ikiwa mbaya kwenye kidole cha hina, mwache mgonjwa uende zako. Ruhusa hiyo nilijipa mwenyewe.

Nilipofika nyumbani mamangu alikuwa ameketi barazani, hajagusa chakula. Habari zilikuwa zimemfikia kwamba bi harusi aliyempaka yuko hospitali, na majirani, unawajua, walikwishaanza kusema ni piko imeingia kwenye damu. "Niambie kweli," akasema. "Ni hina yangu ilomdhuru mwana wa watu?"

Nikamwambia si hina yake, ni nimonia, na kilichochelewesha tiba ni mimi. Nikamsimulia yote. Akainua mikono akamshukuru Mungu kwa sauti iliyosikika mpaka nyumba ya pili. Alipokwisha akanichapa begani kwa ncha ya mtandio wake.

"Na weye walitumia jina langu huko mahospitalini bila ya kuniuliza? Ungaliniuliza, ningalikwambia siyui."

Nilicheka, mwanangu, kicheko cha mtu aliyetua mzigo, naye akacheka, tukala. Lakini neno lile lilinikaa. Fundi mwenyewe, aliyeshika mikono ya nusu ya maharusi wa Mji wa Kale, alikuwa tayari kusema hajui. Mimi niliyechekecha unga tu ndiye niliyejua.

Ikabaki kwa Bi Rahma. Niliahirisha mpaka siku ya tano, najifanya nina kazi. Siku hiyo Salha alikuwa ameketi, anakula uji, mumewe amekuja na chupa ya chai na anamtania kwamba fungate ameihamishia wodini. Nikamwita Bi Rahma kando, penye ukumbi, nikamwambia kila kitu. Nilimwambia mashine ilisema kweli tangu asubuhi, nikaikataa. Nilimwambia pumzi sikuhesabu. Sikumtia daktari, sikumtia mtu mwingine.

Aliikunja na kuikunjua ncha ya leso yake. Kisha akasema, "Nalikuona waandika, moyo ukanitua. Nikasema, huyu ayua."

Matusi ningeyapokea. Hata kofi ningelipokea. Hilo lilinimaliza. Yule mama alikuwa ameona tangu asubuhi kwamba mwanawe hapumui vizuri, macho yake yalimwambia, na kalamu yangu ikayanyamazisha macho yake. Nikaanza kulia, naye akanishika mkono. "Mwanangu yu hai," akasema. "Sina kisa nawe. Nenda kazini. Lakini siku nyengine, kama huyui, usiandike."

Siku ya saba Salha alitoka kwa miguu yake. Tangu hapo kile kibanio cha sikio kiliwekwa juu ya meza, na ukutani tukabandika karatasi iliyosema la kufanya mgonjwa akija amepakwa: pima sikioni, hesabu pumzi kwa saa, mtazame usoni, ukishuku muite daktari. Chini yake, Sista Wakesho alisisitiza, tukaandika tulikoyatoa na siku ambayo tutayatazama tena, kwa sababu huenda wengine wakawa wamepima vizuri zaidi.

Sasa, mwanangu, umenikalia hapa na simu mkononi ambayo ina maktaba kubwa kuliko ile niliyotokea jasho. Nakuonea wivu, na pia nakuonea huruma. Nyinyi siku hizi mnatumiana kwenye makundi ya simu maneno yanayoanza na "utafiti umeonyesha," na hakuna anayeuliza utafiti upi. Ni ule ule msemo wetu wa wodini, umevaa nguo mpya. Nami sikukatazi kuusikiliza. Nakuomba tu uuulize maswali ya Sista Wakesho: nani amepima, amepima vipi, mikono ya nani. Kisha umgeukie mgonjwa aliye mbele yako na ujiulize kama hao waliopimwa wanafanana naye. Bibi wa miaka themanini mwenye figo dhaifu si yule kijana mwenye afya aliyejitolea kupimwa, hata kama wana ugonjwa wa jina moja.

Ukitafuta, usisimame kwenye jibu la kwanza linalokupendeza. Hilo ndilo la kulitilia shaka kuliko yote. Usiridhike na muhtasari kama kuna uwezekano wa kuusoma waraka mzima, na usione haya kumfuata mkutubi. Na ukishajua, usirudi wodini kuwapiga wakubwa wako kwa karatasi. Wape nafasi ya kuuliza, maana wako kati yao wanaojua kuhesabu pumzi kuliko wewe, na hilo halipatikani kwenye kompyuta.

Yale uliyokulia nayo nyumbani usiyatupe. Mimi hina sikuitupa, mpaka leo nawapaka wajukuu zangu. Lakini ujue mwisho wake uko wapi. Na ukifika huo mwisho, sema sijui. Neno fupi, lakini mimi lilinichukua miaka mitatu, na nusura roho ya mtu itoke kabla sijalitamka. Maana kando ya kitanda daima kuna mtu amekaa kitini anakutazama unavyoandika, na atatulia au atahangaika kwa kalamu yako, si kwa elimu uliyonayo kichwani.

Nenda, Mungu akujaalie mkubwa wa kazi atakayekuuliza nani kakwambia, na akupe moyo wa kumshukuru badala ya kumchukia. Akufungulie njia ya kila unachokitafuta, na akuonyeshe ulipokosea mapema, wakati bado kuna la kufanya. Wagonjwa wako wakupite mlangoni wakirudi makwao, na mama zao wakikutana nawe njiani wakuite kwa jina. Amin, mwanangu, amin.